Usiseme Manyoya

Tulimzika mama mdogo kijijini kwetu Mkuu, Rombo, nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Kabla ya kwenda kaburini, mwanawe Restituta ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sikatai. Ni mkuu wa shule huko Dar es Salaam na sauti ya kusimama mbele za watu anayo. Alipofika kwenye miaka yetu ya Moshi mjini, pale Pasua, akaikunja karatasi na kuanza kusimulia kwa kichwa. Akasema mama yake alilea mabinti wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa dada yake, akawalisha sahani moja, akawalaza kitanda kimoja, akawapeleka kwenye usaili wa shule siku moja. Halafu akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akasema mwenzangu Filomena yeye shule haikupanda, lakini mikono yake ya kupika wote mnaijua. Watu wakacheka kwa upendo, wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawisha wageni. Nikatabasamu. Mtu akikusifia mikono msibani utafanya nini, utabishana naye mbele ya jeneza? Lakini roho iliniuma vibaya sana. Shule haikupanda! Mimi, niliyemfundisha yeye kitu alichopitia nacho mlango ule wa usaili.

Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule, maana yeye amekwisha usimulia kwa namna yake na watu wamemwamini. Nani alinizaa na kwa nini nilikuwa naishi kwa mama mdogo, hayo siyaingizi hapa, hayana kosa lolote. Tulikuwa tumemaliza darasa la saba, mimi na Resti, na majina yetu wote wawili hayakutoka kwenye waliochaguliwa. Shule za serikali zilikuwa chache, na wasichana waliopita kata nzima ungeweza kuwapandisha kwenye gari dogo. Ilibaki njia moja tu: shule ya masista iliyokuwa inafunguliwa huko juu mlimani, inayochukua watoto kwa usaili wa mdomo. Mama mdogo alikuwa amekwisha kusema neno lake: atakayepita atasoma, hata ikibidi auze sufuria zake. Asiyepita ataingia jikoni. Hakusema kwa ukali. Alisema huku anamenya ndizi, na sisi tulijua anamaanisha.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, na nyuma yake chumba tulicholala. Chumba kimoja, kitanda chetu upande huu, cha mama mdogo upande ule, katikati khanga mbili zilizoshonwa pamoja kuwa pazia. Kuta zilinuka mafuta ya taa na maganda ya ndizi. Mwaka ule vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na kila aliyekuwa na miguu alikuwa anauza kitu: marobota ya mitumba yalifunguliwa barabarani, wanaume walipita wamejivika makoti ya baridi matatu kwa mpigo kwenye jua la Moshi, wakipiga kelele za bei. Wote hao walikula kwa mama mdogo. Asubuhi mtori, mchana kiburu cha ndizi na maharage, au ndizi na nyama. Resti alipenda kuhudumia wateja kwa sababu walimsifia. Mimi nilipenda kukaa nyuma, penye majivu na maganda, kwa sababu ndipo walipokuwa kunguru.

Mama mdogo na kunguru walikuwa na vita. Hakuna kiumbe kilichomtia hasira kama wale ndege, weusi tii na kifua cheupe, wanaokaa ukingoni mwa bati wakijifanya wanaangalia mambo mengine. Ukigeuka tu, pande la nyama limekwenda. Siku moja aliokota ukuni akarusha bila kulenga, na kwa bahati tu ukampata mmoja bawani. Akaanguka kwenye majivu. Mama mdogo alitaka kumnyonga na kumtundika juu ya mti, wenzake wamwone waogope, maana ndivyo watu walivyofanya mashambani Kahe. Nikamwomba aniachie. Nikamwambia akifungwa mguu pale nyuma akiwa hai, atatisha vizuri zaidi. Sijui nilitoa wapi uongo huo, ila aliukubali. Wenzake hawakuogopa hata kidogo. Walikuja kumtembelea, wakamletea na maneno, wakapigiana kelele mpaka wateja wakaulizana kuna msiba gani. Kwa ule weusi wake na kifua cheupe tukamwita Katekista.

Katekista ndiye aliyenifundisha manyoya. Nasema hivyo bila aibu. Alikuwa akikaa pale amefungwa kamba mguuni, bawa moja limelegea, na asubuhi yote kazi yake ilikuwa kupitisha unyoya mmoja mmoja mdomoni, kuanzia shinani mpaka nchani, kwa utaratibu, kama mama anayemsuka mtoto. Nilidhani anatafuta chawa. Halafu siku moja akaangusha unyoya mrefu wa bawa na mimi nikauokota, nikawa nauchezea huku nachochea moto. Nikauachanisha kwa vidole, ukafunguka, ukawa na mwanya kama jino lililong'oka. Nikaupitisha katikati ya midomo yangu, nikivuta kuelekea nchani, na mwanya ukafunga. Haukuonekana kabisa. Nikaufungua tena, nikaufunga tena. Nilipouelekeza juani niliona: kutoka kwenye ule uti wa katikati vimetoka vinyuzi, na vinyuzi vimeshikana, kila kimoja kimemng'ang'ania mwenzake. Aisee, nilikimbia nikamwita Resti, nikamwambia ni zipu. Ndege mzima amejaa zipu, na asubuhi nzima anafunga zipu zake. Resti aliujaribu mara moja, akasema unanuka, akaenda kunawa. Lakini aliujaribu. Nilimwona kwa macho yangu akiufungua na kuufunga.

Jioni tulifundishwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyepanga chumba cha jirani, Mwalimu Tarimo, ambaye alikuwa hana mke wa kumpikia na alikubali kutufundisha kwa bakuli la mtori. Mwalimu Tarimo alifundisha akiwa anakula, na vitu alivyovijua alivijua kwa sentensi nzima. Akasema, ndege ni kiumbe mwenye manyoya, ndiyo tofauti yake na wanyama wengine wote, andikeni. Mimi mdomo wangu tangu zamani hauna mlango. Nikamuuliza, mwalimu, na kondoo je? Si naye ana manyoya? Paka je? Kijiko kikasimama njiani. Akafikiri, akasema kwamba kosa ni la lugha yetu, tumeyapa jina moja mambo mawili. Ya kondoo ni nywele tu, ya ndege ni kitu kingine. Kitu gani, hakuweza kusema. Basi mimi nikakimbia nyuma, nikaleta unyoya wa Katekista, nikamweleza habari ya zipu, kwamba nywele za kondoo zimelala tu kila moja na mambo yake, lakini hizi zimeshikana, ndiyo maana hewa haipiti na ndege anapanda. Mwalimu aliuchukua, akaufungua, akaufunga. Alisahau chakula chake. Akamwambia mama mdogo, mama, huyu mtoto masista wakimkosa watajuta. Mama mdogo akacheka kwa furaha, akaniongezea nyama. Resti aliendelea kuandika, kichwa chini. Sikumwangalia vizuri wakati ule. Siku hizi, nikiwa nakoroga sufuria, ndiyo namwangalia.

Siku ya usaili tulivaa magauni yaliyokatwa kutoka gauni moja la mitumba, la maua ya bluu. Shule ilikuwa bado inajengwa. Tulikaa kwenye benchi barazani, harufu ya saruji mbichi, mlima umefunikwa na mawingu kabisa hata usingejua kuna kitu kule juu. Tuliitwa kwa jinsi tulivyokaa. Resti alikuwa kabla yangu. Alipoingia nilimsalia Salamu Maria moja, yeye, siyo mimi. Alikaa humo muda mrefu kiasi. Kisha mlango ukafunguka, akatoka, akapita mbele ya benchi kama alivyotakiwa, na alipofika kwangu akainama kujifunga kamba ya kiatu.

"Wanauliza ndege," akaninong'oneza. "Tofauti yake na wanyama wengine. Usiseme manyoya, dada Filo. Nimesema manyoya wakanicheka, wakaniuliza kondoo hana manyoya? Wewe sema mabawa."

Mnaona alivyofanya? Hakutunga uongo wake hewani. Alichukua swali langu mwenyewe, lile nililomtegea Mwalimu Tarimo, akanirudishia likiwa kinywani mwa masista. Ningekataaje? Kondoo ana manyoya kweli. Nilikuwa nimesema mwenyewe. Na macho yake yalikuwa na machozi, nikamwonea huruma, nikajua kashindwa, na katika kushindwa kwake amenikumbuka mimi. Nilimpenda sana wakati ule. Nadhani sijawahi kumpenda kuliko dakika ile.

Ndani walikuwa wawili, Sista mnene mwenye miwani na mwalimu mmoja wa kiume. Niliwapa shikamoo, nikakaa. Waliniuliza mambo ya hesabu, nikajibu. Waliniuliza nani hupika nyumbani, nikasema mimi, Sista akacheka. Kisha akauliza, ndege ana kitu gani ambacho mnyama mwingine hana. Nikasema mabawa. Hakunicheka. Akauliza kwa upole, "Na popo, mwanangu?" Nilimwona popo kichwani mwangu na mabawa yake, na kumbikumbi, na vipepeo, dunia nzima imejaa mabawa. Yule mwalimu akaniinamia, akasema fikiri, ndege unawajua, umewahi kumshika ndege? Niliwahi kumshika ndege! Nilikuwa nimeondoka asubuhi ile nimemlisha kwa mkono. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, na mikono yangu ilikuwa inataka kuwaonyesha jinsi unyoya unavyofunguka na kufunga. Lakini manyoya yalikwisha kukataliwa, aliniambia mdogo wangu. Nikasema mayai. Sista akasema nyoka. Nikasema sijui. Wakaniambia asante mwanangu, nenda na amani.

Jina la Resti lilitoka, langu halikutoka. Tulipopata habari alilia kuliko mimi, akanikumbatia, akasema nafasi ilikuwa imebaki moja na wamemchukua yeye kwa sababu ya hesabu. Nikasadiki. Tukakoka moto, mama mdogo akapika pilau, mimi nikamshonea Resti jina lake kwenye shuka na taulo, herufi nyekundu, R na nukta. Katekista naye bawa lilikuwa limepona. Siku nilipomfungua kamba, alitembea kidogo kwenye majivu kwa ule mwendo wao wa kujidai, akaruka mpaka kwenye bati, akaondoka bila hata kugeuka. Kesho yake akarudi na wenzake akaiba nyama. Nilimjua kwa bawa lake lililopinda. Nilimtukana mpaka wateja wakashangaa.

Ukweli niliusikia mwenyewe, nikiwa nyuma ya mabati naponda ndizi za mtori. Resti alikuwa amekwisha kwenda shule. Sista yule mnene alikuwa mjini kutafuta mahitaji, akapita kumsalimia mama mdogo, akaketishwa ndani ya kibanda na kupewa chai. Akaanza kumsifia Resti. Akasema siku ya usaili wote waliulizwa habari ya ndege, wengi wakasema anaruka, wengine mdomo, lakini huyu wako mama, huyu alisema manyoya, na mimi nikamtega kwa kondoo, na hakutikisika. Binti huyo akatueleza jinsi unyoya unavyoshikana, vinyuzi na vinyuzi. Akasema ni kama zipu. Miaka yote ninayofundisha, akasema Sista, sijasikia mtoto akieleza hivyo. Alijifunzia wapi?

Kati yangu na mama mdogo kulikuwa na bati moja lenye matundu ya misumari, na nilimwona akigeuza uso kunielekea. Alijua nipo pale. Alikuwepo jioni ile ya Mwalimu Tarimo, aliniongezea nyama kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya zipu ile ile. Nilingoja aseme. Neno moja lingetosha, angesema tu, Sista, hayo ni maneno ya binti yangu mwingine, mwite umuulize. Akasema, "Wanajifunza hapa hapa nyumbani, Sista." Kisha akapaza sauti kidogo, akasema Filo, angalia moto usizime.

Nikaangalia moto. Moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu. Nikaponda ndizi zile mpaka zikawa uji, na wateja siku hiyo walisema mtori umekuwa laini ajabu. Ndiyo siku nilipoanza kusifiwa mikono. Mama mdogo hakuligusa jambo lile tena mpaka amekufa, na mimi sikumuuliza, na tulipendana, msinielewe vibaya. Nilimuuguza mwishoni, nilimwogesha mimi. Lakini lilikaa kati yetu kama lile bati. Nilielewa alichofanya: mmoja alikwisha kuingia, angemtoa yule ili amweke huyu? Mama gani angefanya hivyo?

Na Resti nilimsamehe. Ilinichukua miaka, lakini nilifika. Nilijiambia nafasi ilikuwa moja, na wasichana tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa aingie jikoni maisha yake yote. Mtoto wa miaka kumi na minne akiona mlango unafungwa, atajipenyeza hata kwa kumkanyaga mwenzake. Pengine na mimi ningejipenyeza. Kwa neno hilo, nafasi ilikuwa moja, nimeishi. Nimefungua mgahawa wangu, nimesomesha watoto wangu, nimempokea Resti kila Krismasi akipanda kutoka Dar na zawadi zake, nimemchinjia, nimecheka naye. Ukiwa na sababu ya aliyekuumiza, maumivu yanapata pa kukaa, na wewe unaendelea na shughuli zako.

Basi tulipokwisha kuzika, watu wakiwa wanakula, Resti akanifuata nyuma ya jiko. Alikuwa ameshika jani la isale, lile tunalopanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Aliyekukosea akikuletea isale, hata kama amekuulia ndugu, unapokea, na ukipokea umesamehe. Hakuna kukataa na hakuna kuuliza tena. Sikuwa nimeona mtu akilitoa tangu nikiwa mdogo. Alilinyoosha kwa mikono miwili, huyu mkuu wa shule na miwani yake ya dhahabu. Akasema, "Dada Filo, pokea. Yale ya usaili." Nilishikwa na machozi. Nilijua kuwa pale mbele za watu alikuwa ameongea kwa woga tu, na sasa mama yake amelala chini, amekuja mwenyewe. Nikalipokea. Nikamwambia hayo yalikwisha siku nyingi, mdogo wangu, nafasi ilikuwa moja.

Akatazama chini.

"Haikuwa moja," akasema. "Vitanda vingine vilikaa wazi mwaka mzima. Sista alisema kila atakayejibu vizuri atachukuliwa. Aliniambia kabla sijatoka."

Nikamuuliza sasa kwa nini.

"Nilikuwa nimechoka, dada. Kitanda kimoja, sahani moja, gauni moja tumegawana. Na kila mtu akiniona mimi anauliza wewe uko wapi. Nilitaka niende mahali ambapo wewe hupo. Hapo tu."

Nyuma yetu kina mama walikuwa wanagombania sinia, mmoja anauliza wali umebaki wapi. Nilisimama na lile jani mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa namtetea kwa sababu aliyonipa yeye mwenyewe, na hata hiyo ilikuwa uongo. Na huyu mwanamke aliyesoma alijua la kufanya: ameleta isale kwanza, nimelipokea, ndipo akanipa habari. Hata katika kuomba radhi alinizunguka.

Sijawahi kusikia mtu aliyerudisha isale, wala wazee sijawasikia wakisimulia. Nilimshika mkono, nikaufungua, nikaliweka jani kiganjani mwake, nikavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Nililipokea kwa kosa lile jingine," nikamwambia. "Hili la leo hujaniletea jani lake."

Akabaki pale kwenye migomba. Mimi nikaenda kuwaonyesha kina mama wali uliko.